Leso Niliyompelekea Bi Zeyana

Kwa Mzee Charo,
Tudor, Mombasa.
Jumapili, 9 Februari 2025.

Mpendwa Shangazi Loise,

Shikamoo, Shangazi, na shikamoo nyingine kwa niaba ya hawa wote wa nyumbani waliolala usingizi wa Jumapili mchana wakaniachia kalamu. Hamjambo huko Kitale? Baba Tony kifua kimempoa? Nasipwondi ameizoea shule mpya? Na wewe je, baridi ya asubuhi unaiweza, au bado unavaa soksi mbili mbili? Sisi hatujambo, Mungu ashukuriwe, ila joto linatupika mchana na usiku.

Hawe, mama yako, ni mzima, magoti tu ndiyo yanayomsumbua. Daktari amemkataza safari ndefu, naye amemnunia daktari. Kila akimaliza kusali husema kwamba kama yeye hawezi tena kufika Kitale, basi afike mtu wa damu yake akuone kwa macho. Simu haimridhishi. Anasema kwenye simu kila mtu ni mzima.

Sasa kaa kitako, nina habari.

Masomo yangu ya ustawi wa jamii yameingia mwaka wa pili. Baba bado huwaambia watu kwamba ninasomea kusaidia watu, kisha hubadilisha mazungumzo, maana zaidi ya hapo hajui. Lakini muhula huu una mambo! Mwezi ujao tuna warsha ya ulinzi wa watoto kule Ganjoni, na tutapewa vyeti. Baada yake chuo kitafungua milango siku nzima ili watu waje watuulize kazi yetu ni ipi hasa, nami nimepewa meza ya habari za wazee. Aprili watakuja mawakili kutufundisha sheria za watoto. Baba nimemwambia aje siku ya milango wazi, apate la kuwaambia watu.

Hayo yote tisa. Kumi ni mafunzo ya vitendo ya majuma mawili, mwezi wa Mei, ya kuwarudisha watoto wa mitaani kwa jamaa zao. Yanafanyika wapi? Kitale! Nilipoliona jina la mji wenu kwenye ubao wa matangazo nilipiga kigelegele, mlinzi akaja mbio akidhani nimeumwa na nyoka.

Ila darasa letu lilipewa nafasi moja tu, na walioitaka walikuwa wengi. Ili apatikane wa kwenda, kila aliyeomba alitakiwa kuitembelea nyumba moja na kuzungumza na wenyewe, huku Mwalimu Mwende akitazama bila kutia neno. Huyu ni mama mzima kutoka Kitui, mzito wa maneno. Ukikosea hakugombezi, anaandika tu. Nilipomweleza Hawe, kuanzia siku hiyo nafasi ikawa si yangu tena, ikawa yake.

Nyumba niliyopewa iko Mji wa Kale, kwa Bi Zeyana, bibi aliyevunjika mguu mwaka jana na tangu hapo hashuki ngazi. Nilitakiwa nijue anaishije, na kama angependa kuchukuliwa kila Alhamisi kwenda kwenye kikao cha wazee wenzake. Ilikuwa kazi nyepesi. Aliyeiharibu ni mama yako.

Alisema mjukuu wake haingii nyumba ya watu mikono mitupu. Akapanda tuktuk na magoti yake hayo hadi Biashara Street, akarudi na doti ya leso, nyekundu na nyeupe, nzuri mpaka basi. Mama akaongeza halua. Chuoni tulishaambiwa tusibebe zawadi, lakini Shangazi, wewe ungethubutu kumkatalia Hawe? Jina la leso, yale maneno ya pindoni, yeye hakulisoma kwa sababu hakuwa na miwani, nami sikulisoma kwa sababu ya haraka. Kumbe ni lile la kuwatakia heri wanaooana.

Hebu fikiria ndiwe Bi Zeyana. Alasiri unapigiwa hodi. Mlangoni yuko msichana amejitanda kwa adabu, na nyuma yake mama mwenye heshima zake, kimya. Wamebeba halua na leso ya harusi. Nawe ndani una mjukuu wa kike, hajaolewa.

Alifurahi, jamani, hata nafasi ya kujieleza hakunipa! "Karibuni, karibuni wanangu! Kaeni kitako, nyumba ni yenu." Ikaja kahawa, zikaja kaimati, akaitwa pia jirani wa ng'ambo ya dirisha. Nikasema moyoni, mbona bibi huyu hana upweke hata chembe? Akaanza kumsifu mjukuu wake, Jannat, kwa upishi na kwa utulivu. Mimi nikadhani ananieleza anavyotunzwa, nikamwuliza kama Jannat ataweza kuendelea na kazi za nyumba kwa muda mrefu.

"Maisha yake yote, inshallah," akanijibu. Kisha akamgeukia Mwalimu Mwende. "Au vipi, mama?"

Mwalimu hakuruhusiwa kusema, akaitikia kwa kichwa. Bi Zeyana akaniuliza kama nina kaka. Nikasema ninaye, Kingi, anafanya kazi bandarini. Anavuta sigara? Havuti. Jirani akapiga vigelegele vya kusikika mpaka barazani kwa watu.

Ndipo Jannat akatoka ndani, macho mekundu, akasema yeye haolewi. Akasema kama kuna anachokitaka ni kurudi kwenye masomo ya uuguzi aliyoyaacha, ila hawezi kumwacha bibi yake peke yake kutwa na mguu ule. Bi Zeyana alibaki na sinia mkononi.

"Kumbe mimi ndiye niliyekutoa chuoni?"

Hakujua, Shangazi. Alidhani msichana alichoka kusoma. Na yeye alikuwa akitaka kumwoza upesi kwa sababu anaogopa kufa akamwacha bila mtu. Mwaka mzima wanakula sinia moja, kila mmoja anamwonea mwenziwe huruma, na hakuna aliyefungua kinywa.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Niliona Kitale inaniponyoka hivi hivi, na Mwalimu kalamu yake inakwenda mbio. Nilitaka kuaga nikimbie. Lakini yule bibi alikuwa analia, na kuondoka nikamwacha vile sikuweza. Nikashuka kwenye kiti, nikaketi mkekani miguuni pake, nikamwambia kweli yote. Mimi ni mwanafunzi, sikuja kuposa, leso sikuisoma, nisamehe. Akajifuta machozi. Halafu akaangua kicheko mpaka akaushika mguu.

Tukazungumza sasa kama watu. Alhamisi atakwenda kwenye kikao. Siku zilizobaki yule jirani wa vigelegele akasema atashinda naye, maana na yeye kwake yuko peke yake. Jannat aende chuoni aulize kama watampokea tena.

Tulipoaga, Bi Zeyana aliomba mkasi akaikata ile doti katikati. Alisema kama si posa basi tugawane, kipande kimoja chake na kimoja nimpelekee huyo nyanya yangu aliyenifunza adabu. Halua hakuigawa.

Njia nzima Mwalimu Mwende alikuwa akiandika tu. Juma zima sikula nikashiba. Hawe naye kila nikiingia ananifuata kwa macho mpaka nikaanza kupitia mlango wa nyuma. Aliyekuwa na raha ni Kingi peke yake. Tangu asikie kisa hiki anapiga pasi mashati, na ameniuliza mara chungu nzima kama Jannat alilisikia jina lake vizuri.

Juzi Mwalimu akaniita. Akasema kupeleka zawadi ni kosa na ameliandika, kumnadi kaka yangu ni kosa kubwa zaidi na ameliandika pia. Nikaanza kulia pale pale. Akangoja nimalize. Kisha akasema wanafunzi wengine nao walikosea, lakini walipoona wamekosea walifunga madaftari wakaaga, na mimi nilikaa. "Nafasi ni yako. Na huko Kitale usimpelekee mtu leso."

Naja, Shangazi! Mei naja! Niandalie kitanda, mwambie Tony aje anipokee kituoni, na hizo soksi mbili nitafutie na mimi.

Nilipofika nyumbani nilimkuta Hawe jikoni. Kabla sijafungua kinywa alinitazama usoni tu akajua. Akalia, akacheka, akaniambia nisisimame kama mlingoti, nikamletee kile kipande chake cha leso. Amekifua, amekipiga pasi, amekikunja, na Mei bado iko mbali. Ni chako, nitakuja nacho. Mwalimu asijue. Na ukikiona ni kimoja usidhani nimebana kingine.

Jannat amepokelewa, ataanza tena Septemba. Hawe alijipeleka kwenye kikao cha Alhamisi akakutana na Bi Zeyana, na sasa hawaachani kwa simu, kazi yao ni kunicheka.

Nisalimie sana Baba Tony, na Tony, na Nasipwondi umbusu shavuni kwa ajili yangu. Baba, Mama na huyu bwana harusi wetu Kingi wanakusalimu. Mungu awalinde, awape mvua ya kutosha na mahindi ya kujaa ghala.

Hawe ameamka sasa hivi, ameniuliza ninamwandikia nani, na amenituma maneno haya. Anasema kipande kimoja hakimtoshi mtu. Cha pili amekwisha kukiomba kwa Bi Zeyana, naye amekubali kukitoa, lakini hatampa mtu yeyote ila wewe. Mei mimi nikija na cha kwanza, nikirudi urudi pamoja nami, ukichukue kwa mkono wako.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, ninayekupenda na ninayehesabu Jumapili mpaka Mei,

Nyevu