Kwa Mutinda, Niliyemwambia Asirudi

Mutinda wangu, kifungua mimba wangu,

Barua hii sijaifunga. Nimeiandika kwa Kiswahili na si Kikamba, ili hata wale unaobeba nao mizigo, wasio wa kwetu, waisome wakitaka. Mwende wa jirani yetu Mama Mwende ndiye ameinakili kwa mwandiko mzuri, maana mimi niliishia darasa la saba na herufi zangu unazijua, zinalala kama ng'ombe. Lakini maneno yote ni yangu. Hakuna alilolitunga yeye, na kuna mahali alitaka kutoa maneno fulani nikamkatalia. Ukifika hapo utajua.

Wewe unajua mimi ni mtu wa kujisifu. Ulipotembea kabla ya watoto wa rika lako, soko lote la Kikima lilipata habari. Ulipoimba peke yako kwenye kwaya ya watoto, niliwaambia hata watu waliokuwa wamekusikia. Ulikuwa unakuja na kale kamkono kako unaniziba mdomo, unasema, "Mami, inatosha," na mimi naendelea kuongea katikati ya vidole vyako mpaka unacheka. Ule ulikuwa mchezo wetu wawili. Laiti ungekaza mkono.

Unawakumbuka wale vijana wawili wenye tai waliokuja kanisani? Pasta aliwapa dakika kumi, wao wakachukua saa nzima. Walisema kozi ya chuo chao ni miezi sita tu, halafu mtu anaajiriwa na kampuni za ng'ambo, anafanya IT support. Niliinua mkono nikauliza hiyo ni kazi gani. Yule mrefu akanijibu kwa upole sana: "Mama, mzungu huko kwao kompyuta ikimkatalia, anapiga simu. Mtoto wako anamsaidia akiwa amekaa."

Sikusikia kingine baada ya hapo. Akiwa amekaa. Baba yako alichimba matuta ya mlima huu mpaka mgongo ukakataa kunyooka, na siku ya kumzika tulimlaza kwa ubavu kwa sababu hakulala sawa ndani ya jeneza. Wewe ulikuwa umeniambia unataka kwenda kwa wale wa kitalu cha miche, ujifunze kupandikiza avokado. Nilikwambia miche haina haraka. Hukubishana. Hujawahi kubishana na mimi, na hicho ndicho kinaniumiza.

Ulipomaliza hiyo miezi sita chuoni, lile joho la kukodi ulilivaa Jumapili mbili. Ya kwanza hapa kwetu, na ya pili nilikuteremsha mpaka kanisa la shangazi yako kule Tawa, kwenye jua, ili na wao wakuone. Ulitoa jasho mpaka kola ikalowa. Nilikupangusa uso kwa leso yangu mbele ya watu, kijana mkubwa hivyo, na nikasema kwa sauti, "Huyu sasa ni wa kompyuta." Ulitabasamu. Nilifikiri unaona haya tu.

Halafu ikaja ile Jumapili. Projekta ya kanisa, ile inayotupa maneno ya nyimbo ukutani, ilikataa. Pasta akasema tuna mtaalamu wetu hapa, mtoto wa Mama Mutinda, aje atusaidie. Ukainuka. Ukashika waya huu, ukashika ule, ukachomoa, ukarudisha. Kwaya iliimba pambio moja mpaka watu wakachoka kupiga makofi. Niliona shingo yako ikilowa jasho. Mama huijua shingo ya mtoto wake. Na badala ya kunyamaza, mimi nikasimama nikasema, "Huyu amesomea mashine kubwa za ng'ambo. Hivi vitu vyenu vya mitumba atavijulia wapi?" Kanisa zima likacheka. Wengine walinipigia makofi. Wewe ulikuwa bado umeinama pale na waya mkononi, ukageuka ukaniangalia, na hukucheka.

Mchana ule tulikuwa nyuma ya jikoni tukichambua maharagwe. Uliniita "mwaitu", mama kwa Kikamba chetu, kama ulivyoniita kabla hujaanza shule. Ulisema, "Mwaitu, kompyuta zilikuwa nne na sisi tulijaa darasa. Ule waya wa leo nimeuchora kwa mtihani nikapata alama zote. Kuushika, nimeushika leo." Ukasema hakuna mzungu aliyewahi kupiga simu, na wale waliomaliza mbele yenu wanauza mitumba na wengine wanarudishwa pale pale chuoni kuwaambia wageni kwamba wameajiriwa. Ukasema Mama Mwende anataka kumpeleka Mwende chuo hicho hicho, na nisipomwambia ukweli mimi, utamwambia wewe. Na wewe ungebaki nyumbani, uende kitaluni.

Hapa ndipo Mwende alitaka kutoa maneno. Yabaki. Nilikwambia, "Heri ningetoa mimba yako kuliko kunivua nguo mbele ya Kikima. Usirudi kwa boma hili mpaka uwe na kazi. Na wakiuliza, uko kazini." Niliyasema nikichambua maharagwe. Mikono yangu haikusimama hata kidogo. Ulimaliza yaliyokuwa kwa ungo wako, ukayamimina kwa gunia, ukaenda kufunga begi. Sikukusindikiza mpaka barabarani.

Kesho yake Mama Mwende akaja. Unajua huyo mama ni nani kwako. Nilipokuzaa maziwa yangu yalikauka, na ni yeye aliyepanda huu mteremko kila asubuhi na chupa ya maziwa ya ng'ombe wake, mpaka ukaota meno. Alikaa kwenye kigoda chako akaniuliza, "Mama Mutinda, mimi sijui mambo ya kompyuta. Niambie tu, hiyo kozi ni ya kweli?" Nikamjibu, "Kwani Mutinda humwoni?" Aliinuka ametosheka. Aliuza ng'ombe, mjukuu wa yule aliyekunyonyesha, na Mwende akaenda.

Na wewe ulinitii. Kila Jumapili, wakati tunatoka kanisani, simu inalia: "Mami niko kazini. Kila kitu kiko sawa." Nikipiga huchukui, lakini ujumbe haukosi. Na mimi niliusoma kwa sauti pale mlangoni, wanawake wakinizunguka. Nilijua ni uongo. Nilikuwa nimeutunga mwenyewe, na bado nilipousoma nilisikia utamu.

Mwende amerudi sasa. Amemaliza, ana cheti kama chako, na anachuma avokado za watu. Alikuja kwangu na mama yake, wakakataa kuketi. Akasema alikuona kwenye duka la vifaa vya ujenzi, umebeba simiti, nyusi nyeupe kama mzee. Akasema ulimnunulia chai. Na akaniambia jambo ambalo ninaamka nalo kila siku. Kwamba wiki yake ya pili chuoni ulimtafuta, ukamwambia aache, arudi nyumbani kabla mambo hayajaharibika. Yeye akakujibu kwamba ni mama yako aliyesema kozi ni ya kweli. Halafu ukasema, "Kama mama amesema, basi." Ukaenda zako.

Mama Mwende aliniuliza neno moja tu, kama nilijua siku ile. Nikasema nilijua. Hakunitukana, na ningependa anitukane. Alimwambia binti yake, "Twende, tumesikia." Tangu siku hiyo akiniona njiani anasalimia, "Habari yako," kama anavyomsalimia mtu wa kupita. Mwende huja kwa siri. Amekuwa na huruma kwangu ambayo sikuwa nayo kwake.

Jumapili mbili zilizopita, wakati wa ushuhuda, nilisimama. Wale vijana wa tai wamekuja tena, na kuna mama watatu wanaotayarisha watoto. Nikasema yote. Nikasema Mutinda wangu hana kazi ya kompyuta, hajawahi kuwa nayo, na mimi nilijua. Nilingoja wanizomee. Badala yake mmoja wao akacheka kidogo akasema, "Mama Mutinda, wewe wako ameshafika, sasa unataka kufunga mlango?" Mwingine akasema ujumbe wako waliusikia wote, tena kwa mdomo wangu. Pasta akaanzisha wimbo.

Sasa unaona, mwanangu. Nilipodanganya waliniamini mara moja. Niliposema ukweli nimesimama, wakaniona nina wivu. Wale watoto watatu wanaondoka baada ya mavuno, na katika mlima huu wote hakuna mtu mwenye sauti ya kuwazuia isipokuwa wewe, niliyekunyang'anya sauti yako.

Siwezi kukwambia rudi. Mimi ndiye niliyesema usirudi, na nikisema rudi leo, pengine utafikiri ninakutaka usimame tena mbele ya lile kanisa, uaibike mara ya pili ili mimi nitakate. Kitanda chako kimetandikwa. Wale wa kitalu niliwauliza, wakasema mikono yoyote inakaribishwa. Nimekuarifu tu, sijakutuma. Ukija, njia ya shambani haipiti sokoni. Usipokuja, nitajua ni kwa nini, na sitamwambia mtu sababu nyingine.

Ila ninaomba kitu kimoja, na hiki unaweza kukifanya ukiwa huko huko. Jumapili iliyopita simu ililia pale mlangoni kama kawaida. Wanawake wakasogea, wakauliza, "Amesemaje?" Nikaiweka kwa mfuko bila kuisoma. Jumapili ijayo usiniandikie uko kazini kama nilivyokufundisha. Niandikie mfuko wa simiti una uzito gani. Niandikie unalala wapi na unakula nini. Na kama bado una hasira, niandikie hizo hasira, jina langu likiwa mwanzo.

Nitasimama pale pale mlangoni, na wale mama watatu nitawashika nguo wasiondoke, na nitausoma ujumbe wako kwa sauti yangu ile ya kujisifu, mpaka mwisho. Safari hii hakuna wa kuniziba mdomo.

Ni mimi mama yako,
ambaye miongoni mwa walimu wako wote, ndiye uliyeshika somo lake.