Kadi ya Mlowezi

Dada yangu mpendwa,

Salamu zangu zikufikie wewe kwanza, kisha mama. Je, goti lake limeanza kukunjika, au bado unambeba hadi bafuni? Mimi mwilini sijambo. Mengine utayasoma huko chini.

Barua yako imefika. Unauliza kama kamusi hii tunaiandika kwa kalamu au kwa kucha, maana niliaga kwa miezi sita na huu ni mwaka wa tano. Unasema fundi cherehani aliyekuposa amechoka kungojea zamu yangu ya kumuuguza mama. Ngoja ngoja huumiza matumbo, kweli. Nilicheka, kisha nikaona haya.

Ofisi yetu ni chumba kimoja chenye dirisha la nondo na makasha ya kadi hadi darini. Kila neno lina kadi yake: maana, asili na mfano. Sharti la mkuu ni kwamba mfano usitungwe. Lazima mtu awe ameusema, na nyuma ya kadi ionyeshwe ni nani. Tena haondoki mtu kabla hajamaliza herufi zake.

Mimi nilikwama kwenye “mlowezi”. Maana haikunisumbua: mtu aliyehamia nchi ya wengine akaifanya yake. Wala hatukubishana kwamba limetoka kwenye kulowea, yaani kuhamia mahali na kubaki hukohuko. Ugomvi ulianza mkuu aliposhikilia kwamba kulowea nako kumezaliwa na kulowa, kwa kuwa mgeni huloweshwa na mahali kidogo kidogo. Mpigachapa wetu akasema hayo ni mahubiri, si ushahidi. Tukaweka alama ya kuuliza. Mfano nao ukakosekana, na ndiyo maana kila barua nilikuandikia kwamba kadi haijapita.

Dada, ilipita mwaka juzi. Mfano niliunakili kutoka barua yako: “Wewe si mgeni tena huko, umekuwa mlowezi.” Nyuma nikaandika: dada yangu. Mkuu akapiga muhuri, akanipa mkono, akaniambia niko huru kwenda.

Sikuja kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuoa. Mke wangu ni binti wa huyo mpigachapa, aliyeapa kutomwoza mtu atakayemhamisha mwanawe. Aliponiuliza nina nani kwetu, nilisema sina mtu, mama alikwisha kufa. Mama mkwe alinililia machozi ya kweli. Mtoto wetu alipozaliwa, wakampa jina la marehemu.

Nikija, lazima niseme nakwenda kwa nani. Nikimleta mama, nitakuwa nimeleta maiti. Shimo nimelichimba mwenyewe, na ngazi sina. Ninaogopa, dada.

Mwambie fundi asiingojee zamu yangu, haiji. Akikubali kumpokea mama pamoja nawe, fungeni mizigo leo. Akikataa, mlaani ndugu yako, si yeye.

Mama mwambie ana mjukuu mwenye jina lake, ameanza kutembea. Atafurahi. Usimwambie tu kwamba huku tulikwisha kumlilia.

Ni mimi mdogo wako,
uliyembeba mgongoni.