Meteya Nyuma ya Kamba

Jumatatu, 2 Machi 1964
Dawa, uji, kitabu. Kambi ya ukoma, Msambweni, mwaka wa tatu. Nimeandika Bismillahi juu ya ukurasa wa daftari la masomo, kama tulivyofunzwa chuoni, kisha Meteya chini yake. Hawajagombana.

Mfamasia wa kambi, mtu wa Seiloni, alipokwenda kwao baada ya uhuru aliniachia vitabu vya Wabuddha, vya Kiingereza, na swali moja: Meteya, bodhisatva anayengojewa awe Buddha wa kesho, alianzia wapi? Mahekalu ya kwao yamejaa sanamu zake. Katika hotuba ndefu za kale za Buddha nimemkuta mara moja tu. Mistari michache. Atakuja watu wakiishi miaka elfu themanini, na wasichana wakiolewa na miaka mia tano. Mwanasiti, mke wangu, hangoji hivyo.

Alhamisi, 5 Machi
Katika mashairi ya kale zaidi yumo Meteya mwingine. Mwanafunzi tu, amekuja kuuliza ni nani aliyeridhika duniani. Ndiye yule yule? Sijui. Jibu la swali lake: si mimi.

Jumapili, 8 Machi
Siku ya wageni. Shemeji Hamisi, kakake Mwanasiti, alitoka Jego, akaketi benchi la ng'ambo ya kamba inayotutenga na wageni. Akauliza naandika nini. Ningesema majina ya dawa, yangekwisha. Lakini msomi asiye na mwanafunzi akipata sikio hajui kunyamaza. Nilieleza mpaka kengele.

"Kumbe shemeji umeshapata mtume mwingine."

Akalichukua daftari hilo la masomo kwa jani la mgomba, kama samaki, asiliguse. Analipeleka kwa Kadhi. Ikithibitika nimeritadi, nimeuacha Uislamu, ndoa imevunjika. Ukoma Mwanasiti aliusamehe. Hili si lake kusamehe.

Jumatano, 11 Machi
Kesi ni Ijumaa. Nimeomba ruhusa niende nijitetee. Vipimo vya ngozi bado vibaya, siendi. Kamba yenyewe ya katani, hata mbuzi huiruka. Naogopa. Daftari nalo linaniuma, na naona haya kulisema.

Ijumaa, 13 Machi
Sikula.

Jumapili, 15 Machi
Amekuja Mwanasiti mwenyewe, daftari limo kikapuni. Kadhi alifunua kurasa kwa ncha ya penseli, akakuta Bismillahi juu ya kila mmoja, hata ule wa miaka elfu themanini. Akamwambia Hamisi kafiri wa namna hii hajapata kumwona. Kisha akamuuliza Mwanasiti kama anataka kuachwa kwa sababu ya maradhi. Akasema hataki.

"Huyo mtu wako atakuja lini?" akaniuliza.

Nikamwambia hesabu yake haihesabiki.

"Na wewe?"

"Daktari asema mwaka. Labda."

"Basi wewe u karibu."

Akamenya chungwa, akapitisha mkono juu ya kamba.