Sarafu ya Simba Iliyokaa Kooni Mwako

Mpendwa Ifrah, mwanangu wa mkeka wa mbele,

Assalamu alaykum. Natumaini barua hii itakufikia huko Eldas, Wajir, ukiwa mzima, wewe, mama yako na nyanya yako.

Sijui kama unanikumbuka. Ulikuwa hujatimiza miaka sita, na mimi nilikuwa mwalimu mgeni kutoka Mwingi, mwaka wangu wa kwanza Garissa, sijui Kisomali zaidi ya salamu. Wewe ndiye uliyekuwa mkalimani wangu. Mtoto akilia, ulikuja kunivuta sketi. "Ticha, huyu anasema tumbo yake inauma." "Ticha, huyu anataka kwenda choo lakini anaogoba wewe." Kama wengi wa kwenu, "p" uliitamka "b". Bila wewe sijui ningefundishaje darasa lile la chekechea pale Galbet, watoto thelathini na mimi mmoja.

Nakuandikia juu ya siku ile ya pesa. Nimeanza barua hii mara nyingi na kuichana kila mara, kwa sababu naogopa. Niliogopa siku ile, nikaogopa zaidi baadaye, na hata sasa bado naogopa.

Mwanzoni nilikata sarafu za katoni. Nilichora twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi na ndovu kwenye ishirini, kama zilivyo zile za kweli. Mlizijua upesi kwa wanyama wake. Taabu ilikuwa kulinganisha. Nilikuwekea shilingi moja-moja tatu upande huu na sarafu moja ya kumi upande ule, nikakuambia uchague, nawe ukazikumbatia zile tatu.

"Hizi ni nyingi," ukasema.

Nikatoa peremende kwenye mkoba. Nikapanga tatu mbele ya twiga wako na kumi mbele ya simba wangu. Ulizitazama, ukanitazama, ukashika kichwa kwa mikono miwili. "Wallahi? Huyu mmoja anashinda hawa wote?" Tangu siku hiyo simba akawa kipenzi chako. Ukaanza kuwafundisha wenzako kwa Kisomali, ukiwapiga vidole waliposhika sarafu isiyo sawa, na mimi nikijifanya sioni.

Ndipo ukaenda na simba wa katoni kwenye duka lililo mkabala na shule, kununua biskuti. Mwenye duka alicheka mpaka akawaita wateja waje waone. Asubuhi yake hukunisalimu. Ulisimama mlangoni, macho mekundu.

"Ticha, besa yako ni ya uongo."

Neno hilo liliniuma, Ifrah. Nilitaka kukuridhisha. Siku ile ile nikachukua noti nikaenda kuivunja, nikarudi na sarafu ishirini za kweli: kumi za shilingi moja, sita za shilingi tano, mbili za kumi na mbili za ishirini. Mpishi wetu wa shule, mama wa Kisomali mtu mzima aliyelea wajukuu tisa, aliziona mezani akaniambia, "Mwalimu, hii itaingia midomo ya watoto wadogo. Usiwabe hiyo." Nilimwitikia, nisimsikilize.

Kwa juma zima mambo yalikwenda vizuri. Tulifungua duka darasani, la pakiti tupu za unga, mikebe ya maziwa na maboksi ya sabuni. Kila mmoja alikuwa na zamu ya kuuza na ya kununua. Mwisho wa mchezo tulihesabu sarafu pamoja kwa sauti, moja hadi ishirini, kisha nikazifunga kwenye kitambaa.

Siku ya Alhamisi, baada ya uji, ilikuwa zamu yako. Hukutaka kuuza unga wala sabuni. Ulisema wewe utauza maziwa ya ngamia kama mama yako sokoni, na nikakupa jerikeni la manjano lenye maji na kikombe. Uliuza vizuri sana. Ulikuwa ukiwakaripia wateja wasisukumane. Na ulifanya kile ambacho mimi sikukiona, kwa kuwa nilikuwa nimeinama nikimfunga mtoto mmoja kamba za viatu. Mikono yako ilikuwa imejaa jerikeni na kikombe, basi ukaishika sarafu kwa midomo. Kabla ya hapo nilikuwa nimemwona mama yako akifanya vivyo hivyo sokoni, na sasa naelewa ulikojifunza.

Tulipohesabu, tulifika kumi na tisa.

Nikahesabu tena. Kumi na tisa. Simba mmoja hayupo.

"Nani ana simba wangu?"

Watoto walicheka kwanza, wakidhani ni mchezo. Kisha mmoja akakunyooshea kidole: "Ni Ifrah. Alikuwa anauza."

Ulikuwa umesimama kando ya jerikeni, mdomo umefungwa, macho yamekutoka. Nikakuuliza. Ukatikisa kichwa. Nikakuuliza tena, ukatikisa tena. Ifrah aliyekuwa akisema kutoka kengele ya asubuhi mpaka ya kwenda nyumbani hakuwa na neno hata moja, nami nikaona hiyo ndiyo dalili ya hatia.

"Fungua mikono."

Ukafungua. Mikononi hamkuwa na kitu. Nikapapasa mifuko ya sare yako, nikakukung'uta hijabu, nikakuvua viatu. Mate yalikuwa yakikutoka pembeni mwa mdomo, nikadhani ni kilio kinakuja. Nikakushika bega na kukuambia mbele ya watoto wote, "Mtoto mzuri haibi. Wewe umekuwa mwizi?"

Sijui ilichukua muda gani. Labda dakika tano. Labda kumi. Nimeupima muda huo mara nyingi kitandani, na kila mara unarefuka.

Kisha ukainua mkono, ukajigusa shingo, ukajikunja ukatapika mate matupu.

Ifrah, hapo ndipo nilipoelewa sarafu ilikokuwa. Nilipiga kelele ambayo sikujua ninayo. Mpishi alikuja mbio. Nilikuwa nimekuinua nikitaka kukupiga mgongoni, na akanizuia mkono: "Wacha! Anabumua. Mkalishe. Bigia mama yake, mimi naita tuktuk."

Nilikupakata kwenye tuktuk, umekaa wima, kichwa chako kikiwa chini ya kidevu changu. Nilikuwa nikisikiliza pumzi. Ikiingia, nangoja itoke. Ikitoka, nangoja iingie. Mbuzi waliokuwa wakipelekwa sokoni wakakata barabara, dereva akapiga honi, nao wakasimama pale pale kana kwamba dunia haina haraka. Nilikuwa nikisema maneno ya dini yangu na maneno ya dini yako, yote kwa pamoja. Wewe ulikuwa umenishika kidole gumba. Mtu niliyemwita mwizi muda mfupi uliopita alikuwa ameshika kidole changu, hana mwingine wa kushika.

Hospitalini walikupiga eksirei. Daktari aliishika ile picha mbele ya dirisha, na mle ndani, chini ya shingo yako, mlikuwa na duara jeupe, kamili, kama mwezi.

"Imekwama kwenye njia ya chakula, si ya hewa," akasema. "Tutaitoa kwa kumlaza usingizi. Alikula saa ngapi?"

"Alikunywa uji saa nne."

"Basi tungoje mpaka alasiri, tumbo litulie. Asilazwe chali. Akianza kukohoa au kubadilika rangi, tuite mara moja."

Mama yako alifika akiwa na viatu viwili visivyofanana. "Mwalimu, mtoto yangu iko hai? Niambie hiyo tu." Nilipomwonyesha ulipo, alikaa sakafuni na kuifunika miguu yako kwa shali yake. Nyuma yake alikuja mjomba wako, mtu mrefu wa sauti nzito.

"Nani alimba mtoto besa?" akauliza.

Kila mtu kwenye ile benchi aligeuka. Niliwaza kazi yangu. Niliwaza kwamba mimi ni mgeni katika mji wa watu. Ukweli ni kwamba niliwaza hayo kabla ya kukuwaza wewe.

"Ni mimi," nikasema. "Ilikuwa somo."

Kisha akatoka, nami nikajua amekwenda kuita watu. Alirudi na chupa mbili za maji. Moja akampa mama yako, nyingine akaniwekea mimi mkononi.

Saa zile za kungoja zilinizeesha. Kila ulipomeza mate kwa shida nilisimama. Adhuhuri mama yako alikwenda kuswali, akaniachia wewe, na nikaogopa hata kupepesa macho. Walipokuja kukuchukua hukulia. Ulinitazama mimi, hukumtazama yeye, na mtazamo ule ninao mpaka leo.

Walikurudisha jua likiwa limeanza kulegea. Daktari alikuwa na sarafu kwenye kikopo. Mama yako alilia kwa mara ya kwanza, akanishika mikono yote miwili. "Mungu akulibe, mwalimu. Wewe ulikimbia. Wewe uliokoa mtoto yangu."

Nami nikazipokea shukrani zile.

Ndipo ukafumbua macho. Sauti yako ilikuwa kama karatasi inayokwaruzwa. "Ticha," ukasema, "mimi sikuiba."

Mama yako akauliza, "Anasema nini? Nani amesema ameiba?"

Ilikuwa nafasi yangu. Mdomo wangu ulikuwa mzima, koo langu halikuwa na kitu. Nikamwambia, "Ni dawa ya usingizi, mama. Inamfanya aongee ovyo."

Hilo ndilo nililokuja kukuambia. Kukushuku lilikuwa kosa la haraka. Hili la pili nililifanya polepole, nikijua, wewe ukinisikia.

Ulirudi shuleni baada ya siku nne. Ulikaa mkeka wa nyuma. Hukunitafsiria tena. Nilijiambia koo bado linakuuma. Muhula ulipokwisha nikajiambia sasa nimepata ujasiri, nitakwenda kumwona mama yako sokoni nimweleze. Nilipokwenda, mahali pake palikuwa na mwanamke mwingine, akaniambia mmerudi Eldas. Unajua nilichohisi? Nafuu. Naona haya kuandika neno hilo.

Miaka mitatu imepita. Nimerudi kwenye sarafu za katoni, kubwa kama visahani. Wiki iliyopita mojawapo ilipotea, na nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema, "Nani ana..." Sikumaliza. Watoto walikuwa wamekwisha kumnyooshea kidole msichana mdogo aliyekaa pembeni, naye alikuwa amekwisha kuanza kulia. Nikawatoa wote nje wakacheze. Nikafungua rejista ya zamani, nikatafuta nambari ya mama yako, nikampigia nikiwa nimejifungia stoo ya vitabu.

Nilimwambia yote.

"Mwalimu," akasema, "mimi nilijua. Ifrah aliniambia siku ile, tukirudi nyumbani."

"Ulijua? Mbona hukuja kuniuliza?"

"Nilisema huyu mtu ni mzima, atakuja mwenyewe. Nilingoja wiki. Nilingoja mbaka tukahama. Hukuja."

"Nisamehe, mama."

"Yangu imekwisha. Ya Ifrah sijui. Hiyo uliza yeye. Sasa anasoma Kiswahili bila shida." Kisha akaongeza jambo ambalo hakulisema kwa ubaya, nami limeninyima usingizi. "Nikimtuma duka, akishabewa chenji, anamwonyesha mwenye duka mikono yake kabla ya kutoka. Mbaka leo. Hakuna mtu anamwambia afanye hiyo."

Ifrah mwanangu, hukuiba. Hukusema uongo. Ulikuwa na sarafu kooni na mwalimu wako alikuwa akihesabu pesa. Usimwonyeshe mtu yeyote mikono yako. Chukua chenji yako, uihesabu mbele yake kama nilivyokufundisha, na ikipungua umwambie imepungua. Kisha uende zako.

Naogopa kwamba mambo haya hayafutiki kwa barua. Naogopa utaisoma na kukumbuka upya ulichokuwa umeanza kusahau. Naogopa pia kwamba hutajibu, ingawa huna deni la kunijibu. Hata ukinichukia, nitakuelewa.

Nilikuaibisha mbele ya watoto thelathini, hivyo sitakuomba radhi kwa kunong'ona. Nimeiandika barua hii mara mbili. Nakala yako ndiyo hii ninayoimalizia; dereva wa basi la Wajir ataichukua asubuhi hii, kabla sijabadili nia. Nyingine nimeibandika kwenye mlango wa darasa, mahali wazazi wanaposimama wakileta watoto. Mwalimu mkuu bado hajaiona. Wazazi watafika baada ya nusu saa. Nimeketi ndani, mlango uko wazi, na nasikia lango la shule likifunguliwa.

Nisalimie mama. Mungu akulinde njiani, shuleni na dukani.

Aliyekukosea,
Ticha wako wa chekechea