Mama Ameitwa Mpagazi

Mtaa wa Waswahili,
Gisenyi, Ruanda
9 Machi 1957

Mpendwa mdogo wangu Mwavita,

Assalaam aleikum. Hujambo wewe, na shemeji hajambo? Kile kikohozi ulichotuandikia kimekwisha, au ndiyo umeamua kukaa nacho? Ukinyamaza sana huko Ujiji sisi huku tunaanza kuwaza mambo. Sisi tu wazima kwa jumla. Nasema kwa jumla kwa sababu mmoja wetu alitaka kututoka, lakini alhamdulillahi, sasa hivi ameketi mlangoni anakula viazi vya Mudende na kunitazama nikiandika. Ni Sudi, mtoto wa dada yetu Saidati. Nitakueleza. Nakuomba usome taratibu, maana mimi mwenyewe ninayeandika sijaelewa vizuri.

Kwanza habari ndogondogo. Mvua imekuja kwa fujo na barabara ya Mahoko imeharibika, kwa hiyo mume wa Saidati amekwama huko na lori la watu. Cherehani yangu bado iko kwenye baraza la yule Mhindi. Kazi ipo: Wakristo wa Cyanzarwe wanataka magauni ya Pasaka, na Waislamu wanataka kanzu za Idi, na kila mmoja anataka yake iwe ya kwanza.

Sasa hayo ya Sudi. Alikuwa anatafuna muwa, jino la utoto likang'oka. Jino tu, Mwavita, kama yalivyong'oka yako na yangu. Damu ikatoka mchana kutwa, ikatoka usiku, asubuhi bado inatoka. Saidati aliweka chumvi, jirani akaleta unga wa kahawa, Mama akamsomea kila anachokijua. Midomo ya mtoto ikawa kama majivu. Nikambeba mgongoni mpaka hospitali, Mama, Saidati na majirani wakinifuata, na shati langu likalowa damu yote.

Kule wakasema anahitaji damu ya mtu. Wakapima yangu wakasema haipatani na yake, nami nikaona aibu, mjomba mzima nimekataliwa. Iliyopatana ni ya Kayitare, yule mpiga kasia wa mashua za samaki anayekaa nyuma ya nyumba yetu. Kayitare ni Mkatoliki, huenda misa kila Jumapili. Alilala pale bila kuuliza swali, akatoa, na mtoto akafumbua macho. Siku hizi anamwita Sudi mdogo wake, na Mama anampelekea chai. Hilo nimelielewa, hayo yanayofuata ndiyo yaliyonishinda.

Alikuwepo daktari mmoja Mbelgiji, mgeni, anapita kutoka Bukavu. Hakuuliza habari za baba wa mtoto hata kidogo. Aliuliza wajomba. Wajomba wake wangapi, wako wapi, kuna aliyekufa? Nikamweleza juu ya marehemu kaka yetu Rajabu. Wewe ulikuwa bado unanyonya. Tulitahiriwa siku moja, mimi na yeye, ngariba mmoja, kisu kimoja. Mimi nikapona, yeye akatoka damu mpaka akatuacha. Unajua yaliyosemwa juu ya mkono wa yule ngariba, hata akafukuzwa, akahamia Goma, kumbe hana kosa. Daktari akatikisa kichwa. Akamgeukia Mama, akamuuliza juu ya ndugu zake wa kiume kule Mudende, na Mama akasema alikuwepo mmoja aliyechomwa mwiba akichunga ng'ombe, mguu ukavuja damu na kuvimba, akafa. Watu walisema amelogwa na majirani.

Hapo daktari akasema maneno mengi ya Kifaransa. Aliyetutafsiria ni Habimana, muuguzi, kijana mwema sana ila ulimi wake una haraka. Akamwambia Mama hivi: "Bon, Mama, munganga anasema we iko mupagazi. Na Saidati pia iko mupagazi."

Mwavita, ungeuona uso wa Mama. Akajifunga kanga vizuri kwanza, kisha akamjibu: "Mi? Mi natoka kwa batu ya ng'ombe. Bapagazi ni bale ba upande ya baba yao, ndio balikuja hapa na mizigo ya Waarabu ku kichwa." Akatoka nje. Siku zote Baba alitueleza kwamba babu alikuja huku na msafara kama mfanyabiashara, na leo, mbele ya Mzungu, nimejua alikuja chini ya mzigo. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, nikaishia kukohoa tu.

Habimana aliona amekosea, akaanza upya. Mzungu hakumaanisha kazi ya upagazi. Alimaanisha kwamba Mama amebeba ugonjwa bila kuugua. Anasema ndani ya mwili wa mtu kuna nyuzi ndogo sana, hazionekani kwa macho, na kwenye nyuzi hizo ndiko kumewekwa namna mtoto atakavyokuwa. Aliposema nyuzi nikaona sasa amefika kwenye kazi yangu. Kuna aina moja ya uzi, mwanamke anazo nyuzi mbili na mwanaume anao mmoja tu. Kwa Mama mmoja una kasoro, na ule mzima unamtosha, kwa hiyo hana shida. Mtoto wa kiume anapewa mmoja. Akipewa mzima, amesalimika kama mimi. Akipewa ule wenye kasoro, damu yake haijui kuganda. Nikauliza kasoro ilianzia kwa nani. Akasema pengine kwa bibi wa bibi, pengine uzi uliharibika wenyewe tu, hakuna aliyeuharibu. Mimi kitambaa kikiharibika najua ni mkasi wangu au ni panya. Kuharibika bila mharibifu sijapata kuona.

Basi nimebaki na maswali kichwani. Kwa nini nilipona mimi na si Rajabu? Mbona mtoto huhesabiwa wa ukoo wa baba yake, halafu jambo kubwa kama hili lipite kwa mama? Na yule ngariba tuliyemfukuza, nani atakwenda Goma kumwambia? Saidati yeye haulizi kitu. Anamtazama Sudi akicheza, mtoto akijikwaa anashika kifua chake mwenyewe. Nilimwambia hakufanya kosa lolote, akaniambia anajua, kisha akalia.

Nimekuja sasa kwenye sababu ya barua hii, Mwavita. Katika barua yako ya mwisho uliniandikia kwamba goti la mwanao Feruzi huvimba akicheza, na mnamkanda kwa mafuta ya mawese mkidhani ni baridi. Ukaandika pia kwamba shemeji amekwisha zungumza na ngariba, na mtoto atatahiriwa baada ya Idi. Nilisoma nikafurahi, nikaanza hata kumshonea kanzu. Goti la Sudi huvimba hivyohivyo. Nilimuuliza daktari juu yako. Akasema huenda umebeba, huenda hukubeba, hawezi kujua bila kumwona mtoto, lakini kwa habari ya goti hilo, kisu kisimguse.

Najua nakutia katika tabu. Shemeji atasema kaka yako amelishwa maneno na Wazungu. Atauliza mtoto wa Kiislamu atakaaje hivyo, na wenzake watamcheka wakioga ziwani. Mimi nilikwenda kwa mwalimu wa msikiti wetu, akafikiri sana, akasema Mungu hamtaki mtu ajiangamize, ila naye anataka kuwauliza wakubwa wake Usumbura kabla hajanipa neno la mwisho. Kwa hiyo hata yeye hana hakika. Sina hakika na nyuzi za daktari, sina hakika kama Habimana alitafsiri sawa. Nina hakika na Rajabu, maana nililala naye mkeka mmoja. Ahirisheni, nakuomba. Mpelekeni hospitali ya Kigoma kwanza. Mwambie shemeji anilaumu mimi, mabega yangu ni mapana.

Saidati anakusalimu sana, na mume wake akirudi nitamwambia umemuulizia. Kayitare anasema nikusalimu ingawa hamjuani, kwani sasa ni ndugu. Msalimie jirani yako Bi Zaituni, na Feruzi mwambie mjomba anamwekea kanzu yake. Mungu awafunike nyote kwa rehema yake, na awape usingizi mwema.

Nilitaka kufunga hapa, lakini Mama amekuja kukaa karibu yangu. Tangu siku ile ya hospitali hakutaka neno la upagazi litajwe nyumbani, nami sikumwambia kwamba nimeliandika. Ameniuliza kama barua ni ya Mwavita, nikasema ndiyo. Akaniambia niandike kama anavyosema, nisibadilishe: "Mwambie Mwavita mi ndio mupagazi. Huu muzigo ni yangu, nilipewa na mama yangu, sikujua iko nini ndani. Mutoto basimukate."

Mimi kaka yako, akupendaye kama siku zote,
Faradji