Mwenzangu Hahitaji Viza

Mume wangu mpenzi,

Mimi mzima, mafua yameisha. Kazini nimetolewa kwenye kukunja mashuka, sasa napiga pasi.

Jana nilirudi kwenye ubalozi wa nchi uliyoko, kuomba viza. Karani akaangalia kibali changu cha kuishi hapa, akasema kinakaribia kwisha. "Viza ya utalii kaombe nchini kwenu, mama."

"Naenda kumwona mume wangu tu, kisha narudi."

"Ndiyo maana naogopa hutarudi."

Nililia hadi kituo cha basi.

Mwenzangu ninayeishi naye chumba kimoja ni mzaliwa wa hapa, viza haimhusu. Amekata tikiti aje kutembea huko uliko, na kila jioni anajaribu nguo mbele ya kioo changu. Juzi alipokupigia nilikusikia: "Karibu sana shemeji! Nitakupokea mwenyewe uwanja wa ndege." Mimi sauti hiyo nina mwaka sijaisikia.

Basi usijisumbue. Nimeongea na shangazi yako hapo mjini. Yeye ndiye atakayempokea, na mgeni atalala kwake, chumba kimoja naye. Wewe siku hiyo nenda kazini kama kawaida.

Ni mimi,
mkeo wa ndoa