Baba, Madam Ameniamuru Niweke Mikono Juu ya Meza

Mpendwa Baba,

Kabla hujaendelea, nakusihi: haya yabaki kifuani mwako. Usimsomee Mama, wala usiyapeleke kwenye maombi ya jumuiya. Wao wanajua tu kwamba binti yao ni karani Dubai, anayesoma hati za Kichina.

Unakumbuka ulipokuwa mpishi kwenye kambi ya Wachina waliojenga barabara yetu? Shuleni herufi zilikuwa zikinichezea. B inageuka d, mstari unanitoroka. Mwalimu alinisimamisha mbele: "Hata jina lako limekushinda!" Darasa likaangua kicheko. Wewe hukucheka. Ulinipeleka jikoni, ukanishika kiganja, ukachora kwa kidole alama aliyokufundisha Mchina mliyepika naye.

"Huu ni mti. Ikiwa miwili, kichaka. Mitatu je?"

"Msitu!"

Ukapiga sufuria kwa mwiko kama ngoma. Siku ile niliamini nina akili.

Hila ile haikuniponya, Baba. Ilinipa tu njia ya kuzungukia. Ndivyo nilivyovuka shule na chuo, na hadi leo alama ngumu ya Kichina naisoma kwa kuichora kiganjani, mikono ikiwa chini ya meza. Kissa, Mganda ninayefanya naye kazi, hunitania: "Dada, unasali au unajikuna?"

Sasa amekuja madam mpya, msimamizi wetu. Anadhani nachezea simu. "Mikono juu ya meza," aliniambia jana. "Yalla, haraka, soma." Bila kidole, alama zilinikodolea macho kama umati wa watu nisiowajua. Nikasingizia kikohozi. Kesho wanakuja wageni kutoka China, nami nitawasomea mkataba wote kwa sauti, nimesimama mbele yao, karatasi mikononi. Kissa ananiambia, "Mweleze ukweli, khalas, yaishe." Lakini mwenzetu aliyekiri kwamba macho yake ni mabovu alifutiwa viza.

Sioni pa kutokea. Nimejaribu kuchora kwa ulimi ndani ya mdomo, lakini ulimi huohuo ndio unaotakiwa kusoma. Natamani ungekuwa hapa, ingawa najua hata wewe hungenisaidia.

Ukitaka kunipata, usiandike. Nitumie ujumbe wa sauti. Laini yangu ya simu ni ya ofisi, kwa hiyo ikizimwa ujue yameshatokea, nimefukuzwa. Hapo mpigie Kissa, namba yake anayo kaka. Tunalala chumba kimoja huku mtaa wa International City, atanipa simu. Usiniulize kazi inaendeleaje. Niambie tu leo mmepika nini.

Kitindamimba wako